Kipande cha Plastiki

Masika yale, kila mvua ikipiga kwa nguvu, fyuzi ya nyumba ya Mcha ilikatika. Ilikuwa nyumba ya mawe na chokaa huko Kiponda, moja katika zile ambazo wenyewe waliondoka baada ya Mapinduzi na serikali ikazigawa kwa watu wa mtaa wa Ng'ambo na wa mashamba. Chini alikaa Mcha na mama yake, Bi Kazija, na mkewe Mwanapili. Juu walikaa watu wenye redio kubwa, na redio ile ikinyamaza ghafla, mtu hutoa kichwa dirishani akapiga kelele uani: "Mcha! Nyie huko chini mnautafuna huo umeme?"

Mcha alichoka kutukanwa. Akamwita shemegi yake, Silima Makungu.

Silima alikuwa kaka wa Mwanapili, fundi umeme aliyesoma. Alimaliza chuo Bara, kisha akafanya kazi na Wajerumani waliokuwa wakijenga majumba mapya Kikwajuni. Alikuwa mtu wa vipimo. Neno "nadhani" halikumtoka kinywani, na mtu mwingine akilisema mbele yake alimtazama mpaka mtu huyo akajirekebisha. Alikuja kutoka Bububu na baiskeli yake, mkoba wa vyuma nyuma, akalifuata bomba tangu mwanzo mpaka mwisho.

Lilikuwa bomba la chuma la zamani, lile linalofunika nyaya. Lilianzia kwenye mita chini ya ngazi, likapita ukuta wa uani, likaingia msalani, mahali pa kuogea, na kuishia kwenye swichi na taa. Chini ya mfereji wa paa, chumvi na chokaa zilikuwa zimelila. Silima aligonga kwa bisibisi, chuma kikamomonyoka kama ukoko wa mkate ulioungua, na tope jekundu likamiminika.

"Hayo ndiyo yaliyokuwa yakikata fyuzi," alisema. "Maji."

Akalikata lile pande lililooza, urefu wa mtu aliyelala, na mahali pake akatia bomba la plastiki la rangi ya majivu. Nyaya aliziacha zile zile. Alizipitisha ndani ya plastiki, akaziunga, taa ikawaka.

Bi Kazija alikuja kutazama, mitalawanda yake, viatu vya mti, ikilia ko, ko, ko juu ya mawe.

"Hiki nacho kitu gani? Mpira wa kumwagilia?"

"Plastiki, Bi Kazija. Haishiki kutu, hailiwi na chumvi, na umeme haupiti."

"Haupiti? Na taa ya msalani itawakaje?"

Mcha akacheka. Silima hakucheka, alieleza. "Umeme unapita kwenye waya, ndani. Kwenye plastiki yenyewe haupiti. Hata ukilikumbatia."

"Nikumbatie bomba! Mume kanishinda kumkumbatia, nije kukumbatia bomba, na uzee huu!"

Usiku huo mvua ilipiga kuliko zote. Asubuhi redio ya juu ilikuwa ikisema kama kawaida. Mvua iliyofuata ikapita, na iliyofuata pia. Fyuzi haikukatika tena, na Mcha akawa anamsifu shemegi yake mbele ya kila mtu barazani. Silima naye, kila alipopita Kiponda, aliuliza jambo moja tu: "Fyuzi?" Akiambiwa haijakatika, alitikisa kichwa kwa kuridhika na kwenda zake. Huo ulikuwa ushahidi, na ushahidi ulimtosha.

Mwanapili wakati huo alikuwa na mimba kubwa na miguu imemvimba. Katika nyumba ile hakuna aliyeingia msalani peku. Bi Kazija alikuwa na mitalawanda yake, Mcha alikuwa na champali za mpira, na Mwanapili alikuwa na mitalawanda ya harusini kwake, yenye msuruaki uliochongwa kama ua. Lakini msuruaki hukaa baina ya kidole gumba na cha pili, na vidole vya Mwanapili vilikuwa vimefura, havikubali kitu baina yao. Aliijaribu akatoa machozi. Akaiweka chini ya kitanda, akawa anaingia peku.

Ndani ya msala, bomba la chuma lilipita ukutani, usawa wa bega. Tangu wahamie, wote walilifanya kamba ya kutundikia kanga.

Siku ya kwanza walisikia yowe, kisha kata ya kuchotea maji ikagonga sakafu. Mwanapili alitoka nje na kanga nusu mwilini, mkono wa kulia ameukumbatia kifuani.

"Limenishika."

"Nini?" aliuliza Bi Kazija.

"Bomba. Nimenyoosha mkono nichukue kanga, likanishika."

Bi Kazija aliingia, ko, ko, ko, akalishika bomba kwa kiganja kizima. Hakuona kitu. Mcha naye aliingia na champali zake, akaligonga, akalitikisa. Kitu hakuna.

Likatokea tena. Mara ya tatu Mwanapili alianguka kwa magoti, na siku nzima akakaa kitandani ameweka mikono tumboni, akisubiri mtoto acheze. Alicheza karibu na magharibi. Mwanapili hakumwambia mtu alivyolia.

Silima aliitwa. Alitoka kazini moja kwa moja, na mabuti yake ya soli nene za mpira. Jua lilikuwa limewaka tangu asubuhi, sakafu imekauka. Alianza na kazi yake mwenyewe, akaikagua plastiki kiungo kwa kiungo: imekaza, kavu, safi. Kisha akaingia msalani, akaligusa bomba kwa mgongo wa mkono kama alivyofundishwa, maana mkono ukikunjika kwa umeme, mgongo wake hujitenga na kiganja hung'ang'ania. Hakuhisi chochote. Akalishika kwa kiganja. Hakuhisi chochote.

"Mwanapili, hapa hapana umeme."

"Nshakwambia kaka, linashika."

"Umeme hauchagui mtu. Bi Kazija kashika, Mcha kashika, na mimi huyu nnashika. Likushike wewe peke yako?"

"Kwa hivyo mimi mwongo?"

"Sikusema mwongo. Nimesema mja mzito. Mishipa ya mja mzito hukaza, ukanyoosha mkono ghafla ukaona kama umepigwa. Muulize daktari."

Mwanapili alimtazama kaka yake aliyesimama katikati ya msala na mabuti yake, mrefu, mkavu, ana hakika. Akageuka akarudi chumbani.

Bi Kazija alikuwa na lake la kusema. Alingoja Silima apande baiskeli, kisha akamwambia mwanawe alichokuwa nacho moyoni tangu siku ya kwanza. Nyumba hizi zina wenyewe. Walioondoka waliacha mlinzi, na mlinzi huyo anawavumilia wapangaji ila hataki mtoto mgeni azaliwe ndani. Ndiyo maana kamshika mwenye mimba na wengine kawaacha. Fundi kapima, kasema si umeme. Basi ni nini?

Mcha alitikisa kichwa kukubali. Hoja ilikuwa imenyooka, na aliyeinyoosha ni Silima mwenyewe.

Wakakubaliana Mwanapili aogeshwe kombe, na lisipofaa, arudi kwao Bububu akajifungulie huko. Maalim Machano aliombwa aandike aya kwa zafarani kwenye sahani nyeupe, zioshwe kwa marashi, na maji yale yachanganywe kwenye beseni. Maji ya kombe hayamwagwi msalani, kwa hivyo ataogea uani, juu ya mawe, karibu na mlango wa msala. Pale bomba la chuma lilitokeza kabla ya kuingia ndani, na kanga zingeweza kutundikwa juu yake ziwe pazia.

Silima alipopelekewa habari alisema kombe si shughuli yake, lakini yeye ndiye mkubwa wa Mwanapili, atakuja.

Alifika baada ya adhana ya alasiri. Ukumbini palitandikwa mkeka mpya, Maalim Machano amekaa na sahani yake, Mcha pembeni.

"Shikamoo Maalim."

"Marahaba, bwana fundi. Leo umetuachia sisi kazi?"

"Nimewaachia ile isiyopimika," alijibu Silima, na Maalim akacheka kwa ukarimu.

Alivua viatu mlangoni, kama wote. Hakuwa ametia udhu, akavuka uani peku kwenda msalani. Champali za Mcha hazikuwapo, na mitalawanda ya Bi Kazija ilikuwa miguuni mwa mwenyewe, chumbani, anamvisha mkamwana wake kanga. Kwenye mawe uani beseni la bati lilikwisha kuwekwa.

Msalani alitundika kofia yake juu ya bomba. Akachota maji kwenye birika, akaosha mikono, akasukutua, akaosha uso, na mikono mpaka viwikoni, akapaka kichwa, akamalizia miguu. Sakafu yote ikarowa. Akanyoosha mkono achukue kofia, na vidole vikagusa chuma.

Mkono ulijifunga. Yeye hakuufunga. Ulijifunga wenyewe juu ya bomba, na kitu kikamwingia kiganjani kikapita begani, kifuani, magotini, kikitetemesha meno yake kama mtu anayetikisa kibiriti. Alitaka kupiga kelele na kinywa hakikufunguka. Aliuona mkono wake, aliujua kuwa wake, akauamuru uachie, nao haukumsikia. Kisha mguu uliteleza juu ya maji. Mwili mzima ukaanguka, na uzito wake ndio uliomnyofoa.

Alilala kwenye sakafu. Fikira yake ya kwanza ilikuwa ya kijinga: nani kanipiga? Ya pili ilikuwa redio. Huko juu redio ilikuwa ikisema, mtu anasoma habari kwa sauti ya taratibu, hana haraka.

Redio inasema. Basi fyuzi haikukatika.

Kwa nini haikukatika?

Na palepale, kifudifudi, maji yakimwingia sikioni, aliiona kazi yake yote. Bomba la chuma lilikuwa moja, zima, kutoka msalani mpaka kwenye mita, na kwenye mita lilifungwa kwa waya uendao ardhini. Waya ukichubuka ndani na kugusa chuma, umeme ulirudi kwa chuma kile kile mpaka ardhini, na fyuzi ikakatika. Fyuzi ile iliyowaudhi ilikuwa ikiwalinda. Yeye akaja akakata chuma katikati, akatia kitu kisichopitisha. Ng'ambo ya plastiki bomba lilibaki peke yake, limetengwa na ardhi, na ndani yake zile nyaya kuukuu alizozivuta kwa mikono yake mpaka mahali palipochubuka pakakaa juu ya chuma. Tangu siku ile bomba lilikuwa na umeme, likingoja mtu awe ndiyo njia ya kwenda ardhini. Fyuzi iliacha kukatika kwa sababu hiyo, na yeye alizunguka mji mzima akisifiwa kwayo.

Na mashahidi wake? Bi Kazija juu ya mti. Mcha juu ya mpira. Yeye mwenyewe juu ya mpira, siku ya jua. Kila mmoja alisimama juu ya plastiki yake akasema hakuna kitu. Aliyeligusa bomba kama lilivyo alikuwa mmoja tu, naye akaambiwa ana mishipa.

Mlango wa chumba ulilia. Mitalawanda ikapita uani, ko, ko, ko, na nyuma yake nyayo laini.

"Taratibu, mwanangu. Ingiza mguu beseni. Na wa pili. Maji ya baridi? Utazoea. Ngoja nitundike pazia." Kanga ikapita juu ya bomba. "Usije ukateleza na tumbo hilo. Shika bomba."

"Naliogopa, mama."

"Leo hulishiki peke yako. Bismillahi. Lishike."

Silima alifungua kinywa. Taya zilikuwa bado zimekaza, ikatoka sauti kama ya mtu anayeota. Akasimama, akaanguka, akasimama. Kumvuta Mwanapili hakuwezekani, maana akimkuta ameshashikwa, watakuwa wawili. Akalipiga pazia kwa bega, akampita dada yake bila kumtazama, akakimbia uani hadi chini ya ngazi na kuivuta swichi kuu kwa mikono miwili.

Redio ikakatika katikati ya neno.

Aligeuka. Mwanapili alikuwa amesimama ndani ya beseni, maji kwenye vifundo vya miguu, mikono yote miwili juu ya bomba. Alikuwa hai. Silima hakujua, na hakupata kujua, kama ile mikono ilifika kabla ya swichi au baada yake.

"Limeniachia," alisema Mwanapili kwa sauti ndogo. Kisha kwa sauti kubwa, machozi yakimtoka: "Mama, limeniachia! Nimelishika na limeniachia!"

Bi Kazija alipiga kigelegele kikajaa nyumba nzima. Kutoka ukumbini Maalim Machano akasema, "Alhamdulillahi." Na kutoka juu dirishani: "Mcha! Mmeanza tena?"

Hapana aliyemwuliza Silima kwa nini amepita mbio. Walidhani amestahi, amekuta pazia akakimbia. Alisimama chini ya ngazi, kiganja kinamwaka, akaelewa kwamba akinyamaza mambo yote yatakwenda vizuri. Kesho atarudi na waya, atasema anatazama fyuzi, atatengeneza kimya kimya. Kombe litasifiwa. Dada yake atazaa Kiponda. Plastiki yake itabaki ni plastiki nzuri.

Na Mwanapili ataamini maisha yake yote kwamba aliponywa ugonjwa ambao hakuwa nao.

"Bi Kazija," alisema. Ulimi ulikuwa mzito. "Bomba halina umeme kwa sababu nimeuzima. Sasa hivi. Mkono wangu bado uko kwenye swichi."

Kigelegele kikafa.

Alifungua kiganja cha kulia awaonyeshe. Palikuwa na mstari mweupe, umekauka, kama alama ya kamba. "Limenishika mimi msalani. Nilikuwa peku. Linamshika kila aliye peku. Ni ile plastiki yangu."

"Si ulisema haipitishi umeme?" aliuliza Bi Kazija.

"Haipitishi. Ndiyo maana."

Akawaeleza, maneno machache, bila kujitetea. Mcha alikuwa ametoka ukumbini, amesimama mlangoni na uso umemgeuka rangi. Bi Kazija alitazama chini, kwenye mitalawanda yake, kama mtu aliyeambiwa kuwa viatu vyake vimekuwa vikisema uwongo kwa niaba yake. Kisha akasema polepole, "Mara nyingine nlihisi kama sisimizi wananipita kidoleni. Nkasema baridi yabisi."

Mwanapili alikuwa bado ndani ya beseni. Mikono ilikuwa imeshaliachia bomba. Hakukumbuka kuliachia.

"Kaka. Kama usingezima?"

Silima alitazama kiganja chake.

"Nnakuuliza wewe mtu wa vipimo. Miguu ndani ya maji, mikono yote miwili. Kama usingezima?"

"Ungekufa," alisema. "Nyote wawili."

Mwanapili akatoka kwenye beseni, mguu mmoja, kisha wa pili. Hakumruhusu mtu kumshika. Maalim Machano alilichukua beseni mwenyewe, akalitoa nje.

Silima alivaa viatu, akafungua mkoba, akafanya kazi jua likiwa bado juu. Alipitisha waya wa shaba ndani ya plastiki, akaubana kwenye chuma huku na kwenye chuma huku, bomba likawa moja tena na ardhi. Akatia swichi. Fyuzi ikapasuka kwa kishindo, na kutoka juu wakamtukana. Aliisikia sauti ile kama mtu anayesikia jina lake likitajwa mahakamani. Kisha akazivuta nyaya kuukuu. Mpira uliozifunika ulitoka vipande vipande, mkavu kama maganda ya kitunguu, na penye kona, juu kidogo ya pale walipotundika kanga, waya ulikuwa utupu. Akatia nyaya mpya, akatia fyuzi mpya, akatia swichi. Taa ya msalani ikawaka. Redio ikaamka.

Alipima chuma na ardhi. Akapima tena. Akapima waya na chuma. Vipimo vyote vilikubaliana.

"Sasa ni salama," alisema.

Mwanapili alikuwa amesimama mlangoni mwa msala, peku. Nyuma yake Bi Kazija, mitalawanda ameivua, ameishika mkononi.

"Vua viatu," alisema Mwanapili.

Silima akavua.

"Mwaga maji."

Akachota kata ya maji birikani, akamwaga. Akasimama ndani yake.

"Lishike."

Alijua kwamba bomba halina kitu. Hakudhani, alijua. Angeweza kumwandikia mtu sababu zote kwa mpangilio na kila moja ingekuwa kweli. Aliuamuru mkono wa kulia, nao ukabaki ubavuni. Akauamuru tena. Vidole vilikunjika kidogo, vikaacha. Jasho likamtiririka shingoni, na redio haikusikika tena masikioni mwake.

Mwanapili akangoja. Kisha akaingia ndani ya msala, nyayo zake zilizovimba zikakanyaga maji yale yale, akasimama karibu naye, bega kwa bega, tumbo mbele.

"Umeme hauchagui mtu, si ndivyo? Basi nitashika mimi."

Na akanyoosha mkono.

Silima akalirukia bomba kwa mikono miwili kabla mkono wa dada yake haujafika.

Chuma kilikuwa cha baridi. Alikishika, macho ameyafumba, mpaka Mwanapili alipomwambia inatosha.